Raia au Mzawa? Kipimo cha Siasa za Mrengo Mkali wa Kulia

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge wa Tanganyika walikutana katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kujadili muswada wa uraia. Baadhi yao, tena wa TANU, chama tawala chenyewe, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mhindi, Mwarabu au Mzungu, hata kama kazaliwa hapa, abaki mgeni. Waziri Mkuu Julius Nyerere aliwajibu kwa ukali. Aliwafananisha wanaoitukuza rangi na Hitler, kisha akatamka kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Mtanzania anayetaka kuelewa vyama vya mrengo mkali wa kulia vinavyotikisa Ulaya leo aanzie hapo. Ujerumani, chama cha AfD kilichoanzishwa mwaka 2013 kilipata asilimia 20.8 ya kura Februari 2025 na kushika nafasi ya pili. Mtaalamu wa Kiholanzi, Cas Mudde, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anavitambua vyama vya aina hii kwa mambo matatu. La kwanza ni uzawa, yaani imani kwamba nchi ni ya wenye asili yake na wengine wote ni tishio. La pili ni kupenda utawala wa mkono wa chuma. La tatu ni kuigawa jamii mafungu mawili: wananchi wema na vigogo waovu. Kiini ni uzawa. Ukiuondoa, unabaki na chama cha aina nyingine kabisa.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kulia ni ubepari na kushoto ni ujamaa. Katika jambo hili kipimo hicho kinapotosha. Mwanasiasa anaweza kuwatetea maskini kutwa nzima na bado akawa wa mrengo huo, maana swali si mali igawanywe vipi, bali nani ahesabiwe kuwa mwenzetu.

Kwetu, mtu wa kwanza kuisimamisha hoja ya uzawa kama chama alikuwa Zuberi Mtemvu. Mwaka 1958 mkutano wa TANU mjini Tabora ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Mtemvu alijitoa, akaanzisha African National Congress, akidai Afrika iwe ya Waafrika. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 alipata kura 21,276. Nyerere alipata 1,127,978.

Chama kilishindwa, lakini madai yake hayakufa. Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba upendeleo wa Waafrika katika ajira za serikali umekwisha na raia wote watahesabiwa sawa. Siku chache baadaye, tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Kinondoni, waliasi. Walidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Huko mjini Dar es Salaam maduka ya Wahindi na Waarabu yakaporwa.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, hoja ikarudi nao. Mchungaji Christopher Mtikila wa Democratic Party aliwaita matajiri wa Kihindi magabacholi na kujitangaza mtetezi wa walalahoi. Januari 1993, baada ya hotuba yake jijini Dar es Salaam, baadhi ya wafuasi waliyapiga mawe magari na kuwashambulia Wahindi. Haki itendeke kwake pia: ndiye aliyepigania mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikampa ushindi mwaka 2013.

Chama chake kilinyimwa usajili hadi mwaka 2002, kwa kuwa hakikuutambua Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama cha dini, kabila, rangi au eneo. Chama kinachotaka usajili wa kudumu lazima kionyeshe wanachama 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, na angalau mmoja uwe Unguja na mwingine Pemba. Kwa masharti hayo, hasira ya Temeke peke yake haiwezi kuzaa chama.

Lakini hasira ina sababu zake. Mkoloni aliujenga mji wa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji na Upanga, Waafrika Kariakoo, Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Tofauti ya kipato ikapewa sura ya mtu, na mwanasiasa mvivu hahitaji hoja. Ananyoosha kidole tu.

Ndiyo maana agizo la serikali la Julai 2025 linastahili kusomwa kwa makini. Linawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu na saluni, isipokuwa saluni za hotelini au za kitalii. Unaweza kulipinga au kuliunga mkono kwa sababu za kiuchumi, ila mstari wake umechorwa kwenye uraia. Hatari inaanza pale fundi simu wa Tandika au Mwananyamala, mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni, anapoambiwa arudi kwao kwa sababu ya sura yake. Hapo tunakuwa tumetoka kwenye sheria ya raia na kuingia kwenye uzawa.

Watafiti wa Ulaya wanatufundisha kwamba uzawa haukui kwa vyama vyake tu. Hukua pia pale vyama vikubwa vinapoiazima lugha yake ili kuvuna kura. Msajili wa Vyama anaweza kukinyima chama cheti. Hawezi kuinyima lugha hiyo jukwaa ndani ya chama kilichokwisha kusajiliwa. Kazi hiyo ni ya mpiga kura. Mgombea akija mtaani kwako na kukuahidi kuwaondoa "wageni", muulize hadharani kama anamaanisha wasio na uraia au wasiofanana nasi. Akikwepa swali hilo, usimpe kura, hata kama ni wa chama chako.