Ghala la Muda: Istilahi ya Kiswahili na Mwendo wa Data

Istilahi ya kiufundi hupimwa kwa swali moja: je, inamwezesha mtumiaji kutenda? Neno "bafa" hutaja nafasi ya kumbukumbu ambayo seva huitenga kwa kila soketi, yaani ncha ya mawasiliano baina ya programu mbili. Neno hilo limetoholewa, nalo halimfafanulii msikilizaji chochote. "Ghala la muda" humfafanulia.

Mkulima wa Muleba anaielewa safari ya kahawa: kutoka ghalani, hadi Bukoba, kisha kwa meli hadi Mwanza. Ikiwa ghala la Mwanza linapokea magunia machache tu, na Bukoba hairuhusiwi kupeleka mengine kabla ya kupata stakabadhi ya yale ya kwanza, basi meli, hata iwe kubwa namna gani, itasafiri nusu tupu.

Ndivyo itendavyo itifaki ya TCP. Mpokeaji hutangaza nafasi iliyobaki katika bafa yake. Mtumaji naye hutunza nakala ya data mpaka ithibitishwe kuwa imefika. Kwa hiyo ukubwa unaohitajika ni kasi ya njia mara muda wa kwenda na kurudi.

Setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani huleta ucheleweshaji wa takriban sekunde 0.6. Njia ya megabiti 2 kwa sekunde huhitaji bafa ya kilobaiti 150. Bafa ya kilobaiti 64, ambayo ilikuwa kikomo cha TCP kabla ya nyongeza ya mwaka 1992, hupitisha megabiti 0.87 tu. Anayenunua kasi zaidi bila kupanua bafa hupoteza fedha zake. Lakini katika mkongo wenye ucheleweshaji wa sekunde 0.05, bafa hiyohiyo hupitisha megabiti 10.

Ghala kubwa mno nalo ni hasara. Megabaiti 4 kwa kila soketi, katika mawasiliano 1,000, zaweza kumeza gigabaiti 4 za kumbukumbu. Mifumo mingi ya sasa hujirekebisha yenyewe. Kazi ya fundi ni kupima safari, kisha kuweka kikomo kinachofaa.

Hapo ndipo thamani ya istilahi inapoonekana. Aliyefundishwa "bafa" pekee hukariri tarakimu za wengine. Aliyeelewa ghala huuliza kwanza: mzigo ni kiasi gani, na stakabadhi hurudi baada ya muda gani?