Maji Hufuata Chumvi: Osmosisi, Samaki na Kipindupindu Ziwani Tanganyika

Mchuuzi wa mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, akipasua migebuka na kuipaka chumvi hatii hata tone la maji katika beseni lake. Hata hivyo, kesho yake beseni huwa na maji, na nyama ya samaki imekaza. Maji hayo yametoka ndani ya samaki mwenyewe. Chumvi ya Uvinza, iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi za huko, ilikuwa bidhaa mashuhuri katika biashara ya Ujiji tangu kabla ya ukoloni. Walioitumia hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba chumvi huvuta maji.

Kinachotokea beseni mle hutokea pia mwilini mwetu kila nukta. Seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao unene wake hauzidi sehemu moja ya laki moja ya milimita. Chumvi haiwezi kuupenya utando huo kwa urahisi; maji huweza. Ndiyo maana, pale penye chumvi au sukari nyingi upande mmja na kidogo upande wa pili, maji ndiyo husafiri, yakielekea upande ulio mzito zaidi. Mwendo huo ndio osmosisi. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba maji hujipenyeza tu katika mafuta hayo, lakini kasi yake katika figo na katika chembe nyekundu za damu ilikuwa kubwa mno kwa maelezo hayo. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake, huko Marekani, walithibitisha kuwapo kwa protini zilizo kama mifereji myembamba ya maji, zinazoitwa akwaporini. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003.

Msomaji na alishike jambo moja, kwa kuwa yote yanayofuata yanalitegemea: mwili hauna pampu ya kusukuma maji yenyewe. Husukuma chumvi, na maji hufuata.

Mwezi Mei mwaka 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na ziwa karibu na mpaka. Wengi walisafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka, na takriban watu 30 walifariki. Walikufa kwa kukaukiwa maji, huku mbele yao limetanda mojawapo ya maziwa yenye maji baridi mengi kuliko yote duniani.

Bakteria wa kipindupindu hawali utumbo wala kuutoboa. Sumu yao huamuru seli za ukuta wa utumbo mwembamba kufungua milango ya kloridi na kuiacha wazi. Kloridi hutiririka ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji huzifuata zote mbili, kama yanavyomtoka samaki aliyepakwa chumvi. Mgonjwa mahututi huweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Hapa ndipo baadhi ya jamaa hukosea kwa nia njema. Wakiona kila anachokunywa kinatoka, humzuia kunywa. Wengine humpa maji matupu, ambayo hayana chumvi ya kuyavuta kuingia mwilini. Lakini ipo njia ambayo sumu ile haiigusi: protini inayopokea sukari ya glukosi pamoja na sodiamu, na kuviingiza vyote kwa pamoja. Vikiingia, maji hufuata. Hiyo ndiyo siri ya ORS, na ndiyo sababu sukari iliyomo si ya kuongeza ladha.

Kipimo, basi, si jambo la kukadiria. Pakiti ya lita moja ikikorogwa katika nusu lita, mchanganyiko huwa mzito kuliko damu, na huyavuta maji kuelekea utumboni. Mama anayedhani ameongeza nguvu ya dawa amemzidishia mtoto kuhara. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilipunguza uzito wa mchanganyiko wake kwa sababu iyo hiyo. Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, huku mgonjwa akiwahishwa kituo cha afya.

Aliyelegea kiasi cha kushindwa kunywa hutundikiwa dripu. Nayo, ukiitazama, imeangaa kama maji ya kawaida, lakini ina chumvi iliyopimwa ilingane na damu. Maji matupu yakiingizwa moja kwa moja mshipani, yangekimbilia ndani ya chembe nyekundu hadi zivimbe na kupasuka.