Stata ya Gari la Zamani Yataka Usafi Kuliko Oili

Wenye magari ya zamani wengi huamini kwamba kila kinachozunguka kinataka oili, na stata ikianza kusumbua, jambo la kwanza ni kuipaka grisi. Kwenye magari kama Morris Minor, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, au Land Rover za petroli za miaka ya 1960, ukarimu huo ndio unaoleta tatizo. Stata zake ni za Lucas, za aina ya bendeksi. Gia yake ndogo imekaa juu ya mhimili wenye nyuzi kama za skrubu. Mota inapozunguka ghafla, gia hubaki nyuma kwa uzito wake, ikateleza kwenye nyuzi hadi ikauma meno ya flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili huirudisha ilikotoka. Utaratibu wote unategemea gia kuteleza bila kizuizi. Sasa, bendeksi inakaa jirani na klachi, na klachi hutoa vumbi. Grisi hulinasa vumbi hilo likawa tope zito: mota inavuma, gia haisogei, injini imetulia tuli. Tiba ni kuifungua stata, kuosha bendeksi kwa mafuta ya taa kwa brashi, na kuikausha.

Fundi atapinga kwamba chuma kikisuguana na chuma bila oili huliwa. Ni kweli, lakini stata hufanya kazi kwa sekunde chache tu kila mara, na mahali panapobeba mhimili tayari pana oili. Bushi zake za shaba zina vitundu vidogo vinavyohifadhi oili. Ndiyo maana bushi mpya hulowekwa kwenye oili nyepesi ya injini kwa saa 24 kabla ya kufungwa. Hata anayetaka kulainisha nyuzi za bendeksi baada ya kuiosha, zinamtosha dalili tu za oili nyepesi kabisa ya mashine, si grisi. Upande wa pili wa mota, kwenye kaboni, oili ni hasara tupu: hushikamana na unga wa kaboni na kuzuia umeme usipite vizuri. Hapo panahitajika kitambaa kilicholoweshwa petroli kidogo, kisha uhakikishe kaboni zinapanda na kushuka kwa uhuru kwenye vishikizo vyake. Lakini ikiwa stata ni ya aina inayosukumwa na solenoidi, usiitumbukize gia yake kwenye mafuta ya taa, kwa sababu ndani yake mna grisi iliyofungiwa humo tangu kiwandani, nayo itayeyuka.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye nyaya. Stata inapozungusha injini inaweza kuvuta ampea 200. Kutu kidogo kwenye kichwa cha betri, yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, hula volti 2 kati ya 12. Stata iliyo nzima kabisa itazunguka kichovu, na mwenye gari atailaumu. Kwa kuwa injini imekaa juu ya raba, umeme hurudi kupitia waya wa ethi unaoiunganisha na bodi. Ukilegea au ukishika kutu, oili yote ya dukani haisaidii. Kwa hiyo pima kwanza volti zinazopotea kati ya betri na stata, na kati ya injini na betri, huku mtu akiwasha. Zikizidi nusu volti kwa upande mmoja, safisha miunganisho kabla ya kuifungua stata.

Wapo watakaosema heri kununua stata mpya ya kisasa, na kwa gari la kazi za kila siku hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, stata mpya ikifungwa kwenye nyaya zile zile chafu itazunguka kichovu vile vile. Kabla ya kutoa fedha au kopo la grisi, pima volti, ndipo utenganishe betri na kuanza na nyaya, kisha kaboni, na bendeksi mwisho.