Mvutaji Apewe Dawa, Si Makaripio

Kila Ramadhani hutuonesha ajabu moja. Mvutaji wa sigara hujizuia tangu alfajiri hadi magharibi, saa 13 hivi, kisha adhana ikisikika huwasha sigara hata tende hajaimaliza. Wengi wetu humcheka na kumwita dhaifu wa nia. Nia anayo, maana amefunga; kinachomshinda ni nikotini, ambayo imeuzoesha ubongo wake hata ukaidai kama tumbo linavyodai chakula. Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi huo katika orodha ya maradhi. Wazee wetu nao tambuu na tumbaku waliviita uraibu, neno ambalo siku hizi hutumika kwa utegemezi wa kila namna.

Maradhi hutibiwa. Plasta za nikotini za kubandika mwilini, na chingamu zake, ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo mwaka 2009. Vidonge vya bupropioni na vareniklini vikafuata mwaka 2021. Plasta humpa mtu nikotini kidogo kidogo pasipo moshi, ili mwili uachishwe kama mtoto anavyoachishwa ziwa, kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Siku za mwanzo ndizo nzito: hasira, kukosa usingizi, na tamaa isiyosikia la mtu. Hapo ndipo wengi hurejea, na hapo ndipo nasaha ya muuguzi, hata ya dakika 3, na rafiki wa barazani asiyemkaribisha sigara, humfaa mgonjwa. Dawa na nasaha zikienda pamoja hushinda kimoja peke yake.

Visiwa vyetu si vigeni wa busara hii. Mwaka 2015 methadoni ilianza kutolewa Kidongo Chekundu kwa waliotekwa na heroini. Iweje mvutaji wa sigara apewe hotuba tu?

Afya si jambo la Muungano. Uamuzi umo mikononi mwetu. Tunaitaka Wizara ihakikishe kwamba kila afikaye kituoni, Unguja na Pemba, anaulizwa kama anavuta, na akikiri apewe nasaha siku hiyo hiyo. Na plasta zipatikane kwa bei ambayo mvuvi wa Mkokotoni na mchukuzi wa bandari ya Mkoani wataimudu. Na watumishi wa afya wanaovuta nyuma ya wodi, wawe wa mwanzo kwenye foleni.