Je, wajua? Mkunga hutembea na shajara yake sikioni

Ukila kichwa cha changu bila haraka, nyuma ya ubongo utakuta vijiwe viwili vyeupe, vigumu, vyenye kingo kama za gamba. Wengi huvitema kando ya sahani pamoja na miiba. Ni vijiwe vya sikio. Samaki hana masikio ya nje, lakini ndani ya fuvu anayo, na kila upande una vijiwe vitatu vinavyomwezesha kusikia na kujua kama yuko wima au ameinama. Viwili ulivyovitema ndivyo vikubwa zaidi.

Kijiwe hicho ni chokaa, ya jamii moja na matumbawe na lulu, nacho hukua kadiri samaki anavyokua. Mwaka 1971 Giorgio Pannella, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alionyesha kwamba pete nyembamba mno zinazoonekana humo kwa hadubini huongezeka moja kila siku. Samaki akipatwa na njaa, mwili wake unaweza kurudia madini ya mifupa na magamba. Kijiwe cha sikio hakirudiwi. Tabaka likishawekwa, limewekwa.

Na kila tabaka lina kumbukumbu ya maji. Madini huingia kupitia matamvua, yakafuata damu hadi kwenye majimaji ya sikio, kisha yakaganda pamoja na chokaa. Yanayowafaa zaidi watafiti ni strontiamu, kwa kuwa inafanana na kalisi kiasi cha kuweza kukaa mahali pake. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 8 za strontiamu. Mito mingi haifikishi hata miligramu moja. Bariamu huwa kinyume chake: kwa kawaida mto unayo zaidi kuliko bahari. Basi kijiwe husagwa taratibu hadi kiini kitokeze, kikapigwa mwali wa leza kutoka katikati hadi ukingoni, na mashine ikapima kinachotoka hatua kwa hatua. Kiini ni kuzaliwa, ukingo ni siku ya kuvuliwa.

Aliyefaidika sana na usomaji huu ni mkunga wa mtoni, wa jamii ya Anguilla. Mwaka 1922 Johannes Schmidt wa Denmark alitangaza kwamba mikunga wa Ulaya huzaliwa mbali katika Bahari ya Sargasso, baada ya miaka mingi ya kuvua viluwiluwi na kufuata waliokuwa wadogo zaidi. Tangu hapo ilifundishwa kwamba mkunga huzaliwa baharini, hupanda mtoni akiwa mwembamba na angavu kama kioo, hukulia huko, kisha hushuka mara moja tu kwenda kuzaa na kufa.

Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto, Izumi Nakai na Friedrich-Wilhelm Tesch walisoma vijiwe vya mikunga waliovuliwa katika Bahari ya Kaskazini na Bahari ya China Mashariki. Katika baadhi yao strontiamu haikushuka kufikia kiwango cha mtoni. Mikunga hao hawakuwahi kuishi kwenye maji baridi! Usomaji uliofuata ulikuta wengine waliokaa milangoni mwa mito, na wengine waliokwenda na kurudi. Kwangu mimi huu ni ugunduzi mkubwa, kwa sababu hakuna mvuvi wala mtaalamu ambaye angeweza kuyajua haya kwa kumtazama samaki mkononi.

Shajara hii ina mitego. Kiluwiluwi anapogeuka mkunga, strontiamu huporomoka angali baharini, na asiyejua atadhani ameshaingia mtoni. Tena iko mito inayopita kwenye miamba yenye strontiamu nyingi, kwa hiyo maji yenyewe lazima yapimwe kwanza. Na kijiwe hakipatikani bila kumuua samaki, jambo zito kwa mkunga wa Ulaya, ambaye sasa yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Huku kwetu mikunga wa jamii hiyo wamo katika Tana, Sabaki na Rufiji, nao pia huzaliwa Bahari ya Hindi na kupandia milangoni mwa mito hiyo. Mabwawa ya Tana, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968, yamekaa kwenye njia yao. Anayekuta mikunga chini ya bwawa asikimbilie kusema kwamba bwawa halijawadhuru. Huenda ni wale waliokulia mikokoni tu, na waliohitaji kupanda juu hawapo tena. Vijiwe vinaweza kutenganisha hawa na wale. Wanaopanga mabwawa huko juu na bandari huku chini, wavisome kabla ya kumwaga zege.