Rangi ya Kromu Katika Vumbi la Singida

Rangi ya kromu huipa bodi ya gari au tenki la pikipiki mng'ao wa kioo bila kuwa na kromu yenyewe. Kromu halisi, ile ya bampa za magari ya zamani, hushikishwa kwa umeme: chuma huzamishwa kwenye majimaji ya nikeli, kisha ya kromu. Kazi hiyo inataka kiwanda, na baadhi ya kemikali zake husababisha saratani. Rangi ya kupuliza inawezekana katika gereji ya Singida mjini, Manyoni au Kiomboi, juu ya chuma na hata plastiki, mradi fundi ajue mng'ao unatoka wapi.

Unatoka chini. Ndani ya rangi hiyo mna vigamba vya alumini, vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Vikilala bapa juu ya uso laini, mwanga hurudi kwa mpangilio na mtu hujiona. Vikilala ovyo, mwanga hutawanyika na kinachobaki ni rangi ya fedha ya kawaida.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi huisha kabla kopo la kromu halijafunguliwa. Mabonde huzibwa kwa puti, hupigwa praima, kisha msasa wa maji, namba 800 na kuendelea. Juu yake hupulizwa nyeusi ya kung'aa iliyochanganywa na hadina, yaani kigumishi cha rangi. Nyeusi hiyo ina kazi maalumu: humeza mwanga unaopenya kati ya vigamba, taswira ikapata kina. Ikikauka, yenyewe inapaswa kuonyesha uso wa mtu. Isipouonyesha, kromu haitaufidia.

Hapo ndipo Singida inapomtesa fundi. Mkoa uko kwenye uwanda wa juu wa kati, una msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na upepo wake ni mkali kiasi cha kupangiwa miradi ya umeme. Gereji nyingi ziko wazi. Punje moja ya vumbi juu ya nyeusi, ambayo kwenye rangi nyeupe isingeonekana, kwenye kromu huwa chunusi inayoonekana kutoka mbali. Suluhisho si ghali: kibanda kilichozungushiwa nailoni, sakafu iliyolowanishwa maji, na kusubiri upepo utulie. Hewa kavu nayo hukausha matone kabla hayajatua, uso ukawa na chengachenga. Thina inayokauka polepole hupunguza tatizo hilo. Masika, adui ni maji ndani ya kompresa, ambayo lazima yatolewe kabla ya kuanza.

Kromu yenyewe hupulizwa kwa presha ndogo, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likiachwa likauke. Anayetaka kumaliza kwa mkupuo mmoja hupata kijivu.

Tabaka la alumini huchubuka hata kwa kidole, hivyo hufunikwa kwa kilia, yaani rangi angavu ya juu. Hapa wateja hukata tamaa, kwa sababu kimiminika cha kilia huvuruga vigamba na kioo hufifia kidogo. Kusubiri kromu ikauke kabisa na kuanza na kilia nyepesi hupunguza hasara, ila hakuiondoi.

Ipo njia nyingine, ya kupulizia fedha halisi kutoka kwenye nitrati ya fedha. Msingi wake ni ugunduzi wa Mjerumani Justus von Liebig wa mwaka 1835, uliozaa pia vioo vya kujitazamia. Fedha hurudisha mwanga vizuri kuliko alumini, lakini kazi yake hudai maji yaliyotoneshwa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kabisa, kwani chumvi huigandisha fedha kabla haijashika.

Hadina za rangi hizi huwa na isosianati, ambayo huweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Fundi anahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa, na bora zaidi ile inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Rangi hii inafaa zaidi kwa vipande vidogo: kava za vioo, rimu, tenki. Bomba la moshi lisipakwe, joto litaibabua. Anayetaka gari zima akumbuke kwamba rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili, na ikibadilika, kadi hiyo nayo irekebishwe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).