Kuni na Maji Jikoni

Mto Mbwemkuru huingia katika Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi. Wakati wa masika hujaa maji, lakini mvua zikiisha kukatika maji hupungua, na vijito vingi viuingiavyo hukauka kabisa. Ndipo watu wa Nachingwea na Ruangwa wakaao mbali na bomba hufukua mchanga wa kijito. Jua hukausha mchanga wa juu, na mchanga ule mkavu huwa kama kifuniko juu ya maji yaliyo chini. Lakini maji hayo hutoka polepole: mchotaji huchota kata moja, hungoja shimo lijae, kisha huchota tena. Msichana aliyetumwa huko alfajiri, tena akapitia kuni, hufika shuleni hesabu zimekwisha. Mimi siku hizi simwulizi kwa nini amechelewa. Mabega ya nguo yake yaliyolowa maji hunijibu.

Basi, na tutazame jinsi ndoo ile na mzigo ule vitumikavyo nyumbani.

Mpishi hubandika chungu cha mbaazi juu ya mafiga. Aonapo maji yanachemka, husukuma kuni ndani zaidi, akidhani mbaazi zitaiva upesi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Maji huzidi kupata moto mpaka yachemke, nayo katika nchi iliyo karibu na usawa wa bahari huchemka yafikapo digrii 100 za sentigredi. Yakisha kuchemka hayazidi tena. Hata ukiwasha moto wa kuunguza nyumba, joto la maji chunguni litabaki lile lile. Nguvu za kuni ulizozidisha hugeuza maji kuwa mvuke tu, nao huenda zake. Chungu hukaribia kukauka, mpishi huongeza maji baridi, mchemko hukatika, na kuni nyingine hutakiwa. Hivyo kuni humaliza maji, na maji humaliza kuni.

Msisadiki maneno yangu tu, jaribuni. Twaeni sufuria mbili zilizo sawa, tieni maji sawasawa na vipande vya muhogo vilivyo sawa. Zote mbili zikisha kuchemka, moja iacheni juu ya moto mkubwa, na ya pili iondoleeni kuni mpaka maji yatokote polepole. Chomeni muhogo kwa kijiti, mtaona umeiva wakati mmoja. Kisha pimeni maji yaliyobaki katika kila sufuria.

Kifuniko nacho kina kazi yake. Mvuke ukikigusa hugeuka maji tena na kudondoka chunguni. Mbaazi kavu zikilowekwa usiku kucha, maji baridi huzilainisha bila ukuni hata mmoja. Na kuni mbichi hazifai, kwa kuwa sehemu ya moto wake hutumika kukausha maji yaliyo ndani yake zenyewe.

Bibi yangu, mara chungu kitokotapo, aliondoa vijinga viwili akavizima mchangani. Sisi watoto tulimdhania mchoyo. Hakupata kusikia habari za digrii, lakini njia ya kijitoni aliijua. Maji aliyooshea mboga aliyamwaga shinani mwa mpapai wake, nasi tulikula mapapai hata mwezi wa Oktoba.